Chipu mbadala katika ukarabati wa kompyuta za zamani

Chipu mbadala ni ile inayowekwa mahali pa chipu iliyokufa, ambayo kiwanda chake kimekwisha kuacha kuitengeneza. Fundi huanza kuitafuta kwa kusoma namba iliyochapwa mgongoni mwake, na wengi huishia hapo, ilhali namba ni dalili tu. Kinachopaswa kulinganishwa ni kila jambo ambalo saketi nzima inaitegemea chipu hiyo kulitenda: volti, kasi, hata kasoro zake. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1982, inaonyesha kwa nini.

Sauti ya kompyuta hiyo hutoka kwenye chipu ya SID, iliyobuniwa na Bob Yannes katika kampuni ya MOS Technology. Toleo la kwanza ni 6581, na baadaye kiwanda kilekile kikaleta 8580. Zote zina miguu 28 na rejista zilezile, kwa hiyo fundi mwenye haraka anaweza kuchomeka moja kwenye soketi ya nyingine. Lakini 6581 hutumia volti 12 na 8580 hutumia volti 9. Kapasita mbili za kichujio, ambazo kwa 6581 kwa kawaida ni pikofaradi 470, kwa 8580 ni nanofaradi 22. Hata hayo yakirekebishwa, tofauti haiishi. Njia ya sauti ya 6581 ina volti ya kudumu isiyotakiwa, na watunzi wa programu waligundua kwamba kupandisha na kushusha kiwango cha sauti upesi upesi huigeuza volti hiyo kuwa mlio. Kwa hila hiyo walicheza ngoma zilizorekodiwa na hata maneno ya binadamu. Toleo la 8580 liliponya kasoro hiyo, na sauti hizo zikafifia mno. Basi ikiwa mrithi aliyetoka kiwandani mwenyewe hakuweza kujaza nafasi kikamilifu, namba inayofanana kwenye orodha ya muuzaji spea haiwezi kuaminiwa zaidi.

Chipu ya PLA ya kompyuta hiyohiyo, inayoamua ni kumbukumbu ipi isomwe wakati gani, inatoa ushahidi wa aina nyingine. Ina viingilio 16 na vitokeo 8, sawa na 27C512, chipu ya kumbukumbu ya aina ya EPROM, hivyo jedwali lake lote la maamuzi linaweza kuandikwa humo bila kosa hata moja. Hata hivyo vitokeo vya EPROM huyumbayumba kwa muda mfupi sana viingilio vinapobadilika. Mashine moja huvumilia, nyingine hukwama au hukataa baadhi ya katriji. Jibu ni sahihi, ila halitulii kwa wakati unaotakiwa.

Wapo wanaosema dawa ni kutumia chipu asilia tu. Lakini kampuni ya Commodore ilifilisika mwaka 1994. Akiba hupungua kila mwaka, na bei yake huwavuta wenye kusugua chipu nyingine na kuzichapa namba upya. Kung'oa chipu kwenye mashine nzima ni kuua moja kwa kuponya nyingine. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mbadala wa kisasa wa SID, kama ARMSID au FPGASID, hautoi sauti halisi. Lakini vichujio vya 6581 vilitofautiana chipu kwa chipu tangu kiwandani, kwa hiyo sauti halisi moja haikuwahi kuwapo. Kasoro ya mbadala itafutwe kwingine: SID pia husoma vidhibiti vya michezo vya kuzungusha na baadhi ya maus, na SwinSID Nano, mbadala mwingine unaocheza muziki vizuri, haifanyi kazi hiyo. Kwa mtu anayesikiliza tu inafaa. Kwa anayechora kwa maus haifai kabisa.

Kabla ya kuchomeka chipu yoyote, adapta ya umeme ipimwe. Adapta asilia za Commodore 64 zikizeeka, njia ya volti 5 inaweza kupanda na kuunguza kumbukumbu na chipu nyingine, pamoja na mbadala uliotafutwa kwa taabu yote hiyo.