Barabara ya Bujumbura hadi Gitega na Wajibu wa Walinzi Wake

Kwa nchi isiyopakana na bahari, bandari ya ziwa ni mlango wa nyumba, na barabara itokayo bandarini ni ukumbi wake. Mlango ukiwa wazi na ukumbi umezibwa, wenye nyumba hulala njaa. Hiyo ndiyo maana ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Gitega katika historia ya Burundi.

Urefu wake ni kilomita 100 hivi. Huanza kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapanda kwa kona nyingi hadi Bugarama, mahali panapozidi mita 2,000. Hadi hapo ni Barabara ya Taifa nambari 1, ambayo huendelea Kayanza na mpaka wa Rwanda. Kutoka Bugarama, Barabara ya Taifa nambari 2 hupita Muramvya na kufika Gitega. Katika vilele hivyo mvua hugawanyika: inayonyesha upande wa magharibi huteremkia ziwani na katika bonde la Kongo, ya mashariki hufuata mto Ruvubu, na mwishowe hufika Nile.

Zamani milima hiyo ilikuwa ngome. Majeshi ya Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, yalijaribu kuingia nchini katika karne ya 19, lakini yalirudishwa na wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo. Wajerumani nao walipoweka kituo cha kijeshi Usumbura, walitambua kwamba kushika ufuko si kushika nchi. Iliwabidi wapande. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe aliongoza kikosi chake milimani, na tarehe 6 Juni mwaka huo Mwami alilazimika kukubali himaya ya Ujerumani kwa mkataba wa Kiganda, katika eneo la Muramvya. Mwaka 1912 wakoloni hao walihamishia Gitega makao ya utawala wao. Tangu hapo nchi ikawa na miji miwili mikubwa: mmoja wa kupokea mizigo, mwingine wa kati ya nchi, na njia iliyoiunganisha ikawa uti wa mgongo.

Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Miaka miwili baadaye, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji waliiteka nchi. Kwa mapatano ya tarehe 15 Machi 1921, Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma ili mizigo yake ipite. Basi shehena ikasafiri kwa reli, ikavuka ziwa kwa meli, kisha ikaukabili mlima. Mwanzoni ilipanda juu ya vichwa vya wapagazi. Baadaye barabara za magari zilichongwa kwa jembe na kwa kazi ya lazima, na kahawa ya milimani ikateremshwa kwa njia hizo kwenda kuuzwa ng'ambo. Mkulima alitoa jasho lake mara mbili, shambani na barabarani, na faida ikampita. Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, barabara ilikuwa imekwisha kulipiwa na wananchi kwa migongo yao.

Hata hivyo, kilichoifunga barabara hiyo katika miaka ya karibu si mlima. Ni binadamu. Rais Melchior Ndadaye alipouawa na wanajeshi waasi mwezi Oktoba 1993, miti ilikatwa na kulazwa njiani sehemu nyingi za nchi, na mauaji yakaenea. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliweka vikwazo vya uchumi, vilivyosimamishwa mwezi Januari 1999. Ndipo ilipodhihirika kwamba barabara ya Gitega haianzii Bujumbura. Huanzia Kigoma na Dar es Salaam, na penye uadui haina mwanzo.

Katika miaka ya vita magari yalipanda kwa misafara iliyolindwa na askari. Tarehe 28 Desemba 2000, miezi minne tu baada ya Mapatano ya Arusha kutiwa saini, basi lililotoka Kigali lilishambuliwa likiwa limekaribia Bujumbura. Watu 21 waliuawa. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na tikiti za safari.

Ulinzi wa misafara haukutosha kuleta usalama. Usalama ulianza kurudi pale waliokuwa wakiviziana kando ya barabara walipoanza kuvaa sare moja. Kwa sheria za mwaka 2004 viliundwa Jeshi la Ulinzi la Taifa na Polisi ya Taifa, vikiwachanganya askari wa zamani na wapiganaji wa vyama vya silaha. Mtu aliyeilinda njia na mtu aliyeivizia wakapangwa zamu moja. Hilo ni tendo kubwa kuliko kutia lami, na mvua haiwezi kulichukua.

Mapema mwaka 2019 Gitega ilifanywa rasmi makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura ikabaki kitovu cha biashara. Kwa hiyo uzito wa barabara umeongezeka. Juu yake hupita maofisa wa serikali, mafuta, saruji na dawa. Hupita pia vijana wa baiskeli wanaoteremka na mikungu ya ndizi, na wakati wa kupanda hujishikiza nyuma ya malori kwa hatari ya maisha yao.

Askari aliyesimama kwenye kizuizi anapaswa kuijua historia hiyo. Kizuizi kilichowekwa kwa sababu ya haki humlinda msafiri. Kizuizi kinachogeuzwa kuwa mfuko wa kukusanyia fedha ni mti mwingine uliolazwa njiani: bei ya chumvi hupanda Gitega, ndizi huoza kabla ya kufika sokoni, na mwananchi hujifunza tena kuiogopa sare. Imani iliyonunuliwa kwa damu haipotei kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, gari baada ya gari. Wajibu wa jeshi na polisi ni kuhakikisha kwamba mkulima anayeshuka alfajiri na mzigo wake anarudi jioni na fedha yake yote, bila kuulizwa ni mwana wa nani.