Kutu Iliyolinda Chuma

Kutu ni adui mkongwe wa chuma. Jembe lililosahauliwa shambani wakati wa masika, au panga lililoachwa nje usiku kucha, huliwa kidogo kidogo hata likawa halifai kitu. Kwa hiyo msomaji atastaajabu akisikia kwamba katika karne ya 19 mafundi stadi wa bunduki huko Uingereza na Ubelgiji waliialika kutu kwa makusudi katika kazi zao bora, wakailea kwa uangalifu, kisha wakaifanya mlinzi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Mafundi hao walijua kwamba dawa ya kutu ni kutu.

Bunduki tunazozisimulia ni zile za marisau zenye mitutu miwili iliyolazwa ubavu kwa ubavu, ambazo matajiri wa Ulaya walizitumia kuwindia ndege. Miji iliyosifika kwa kazi hiyo ni London na Birmingham katika Uingereza, na Liège katika Ubelgiji. Katika London aliishi Joseph Manton, aliyefariki mwaka 1835, ambaye karakana yake ilikuwa kama chuo. Mmoja wa waliofanya kazi kwake alikuwa James Purdey, aliyefungua duka lake mwenyewe mwaka 1814.

Mitutu ya bunduki bora za zama hizo haikuwa ya chuma cha namna moja. Fundi alipanga vipande vyembamba vya chuma laini na vya chuma cha pua, kimoja juu ya kimoja, akavitia motoni na kuvifua hata vikashikamana kuwa ufito mmoja. Ufito huo, ungali mwekundu kwa moto, ulisokotwa kama kamba. Kisha fito mbili, tatu au zaidi ziliunganishwa kuwa utepe, na utepe ukazungushwa juu ya mhimili wa chuma, kama ukili unavyozungushwa mkeka unaposhonwa. Utepe ulifuliwa tena hata kingo zake zikashikana. Hivyo ndivyo mtutu ulivyozaliwa. Watu waliuita mtutu wa Dameski, kwa kuwa uliwakumbusha zile panga za feleji za nchi ya Sham, ijapokuwa namna ya kuzitengeneza ilikuwa nyingine.

Lakini mtutu ulipotoka kwenye tupa na msasa ulikuwa mweupe mtupu, na jasho lote lile halikuonekana. Hapo ndipo kutu ilipoitwa. Fundi aliusugua mtutu kwa chokaa ili kuondoa mafuta, akaziba matundu yake kwa vigingi vya mti, akaupaka maji makali yaliyochanganywa na tindikali kidogo, na pengine mrututu. Kisha aliuweka mahali penye joto na unyevu. Baada ya saa kadhaa mtutu ulivaa kutu nyembamba kama vumbi. Fundi aliisugua kwa brashi ya waya mwembamba, akaondoa kutu iliyolegea na kuacha ile iliyoshika, akapaka tena. Kazi hiyo ilirudiwa mara nyingi, siku baada ya siku. Kwa kuwa chuma laini na chuma cha pua havishiki kutu kwa namna moja, michoro ya mawimbi na maua iliyofichika ndani ya chuma ilijitokeza kwa rangi ya kahawia. Fundi aliyetaka rangi nyeusi aliuchemsha mtutu katika maji safi kila mara, na kutu nyekundu ikageuka nyeusi. Kutu nyeusi haili chuma kama ile nyekundu. Hushikamana nacho, hunywa mafuta, na huzuia unyevu kupenya.

Sehemu zilizoshika mitambo ya bunduki zilikuwa na rangi za namna nyingine. Zilifungiwa katika sanduku la chuma pamoja na makaa ya mifupa na ya ngozi, zikakaa motoni kwa saa nyingi, halafu zikatumbukizwa ghafula katika maji. Uso wa chuma ulikuwa mgumu, na juu yake zikatokea rangi za buluu, kahawia na kijivu zilizochanganyika kama mawingu. Rangi hizo ni nyembamba mno, na mkono wa mwindaji huzifuta kadiri miaka inavyopita.

Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda viliweza kutoa chuma cha pua kilicho safi na imara, na baruti mpya zenye nguvu zaidi zikaingia. Mtutu wa Dameski ukapoteza soko lake, na baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 kazi hiyo ikafifia. Mafundi wengi walikuwa wameficha siri ya maji yao ya kutu, na baadhi ya siri hizo zilizikwa pamoja nao.

Pengo hilo lilionekana pale watu walipotaka kuzirudishia bunduki za kale rangi zao. Katika karne ya 20 ilienea njia ya haraka: chuma hutumbukizwa katika magadi makali yanayochemka pamoja na chumvi nyingine, kikawa cheusi kwa muda mfupi. Kwa bunduki nyingi za mtutu mmoja njia hiyo ni nzuri. Lakini mitutu miwili ya kale imeunganishwa kwa lehemu ya bati na risasi, na magadi makali huila lehemu hiyo. Zaidi ya hayo, magadi huingia katika nafasi iliyo katikati ya mitutu, yakabaki humo yakiila kwa siri. Bunduki iliyotoka karakani iking'aa iliweza kuachana vipande baadaye. Basi mafundi wenye busara walirudi kwenye kutu ya polepole, kwa sababu ndiyo njia isiyoidhuru lehemu. Haraka haraka haina baraka.

Hata hivyo, njia njema nayo ina hatari zake. Kabla ya kupaka rangi lazima kusugua, na kila msuguo huondoa chuma kidogo. Majina na nakshi hufifia, na mtutu huzidi kuwa mwembamba. Tena, chini ya mitutu kuna chapa za majaribio. Chama cha Mafundi Bunduki wa London kilipata hati ya mfalme mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya mwaka 1813. Huko mtutu hushindiliwa baruti kupita kiasi cha kawaida na kulipuliwa. Ukisalimika, hupigwa chapa. Anayeifuta chapa hiyo amefuta ushahidi, na anayeupunguza unene wa mtutu ameifanya chapa kuwa shahidi wa uongo. Vivyo hivyo, kurudisha rangi za mawingu huhitaji moto, na moto huweza kupinda chuma hata kisikae tena sawasawa katika mti wake.

Basi, je, kitu cha kale kirudishiwe ujana wake, au kiachwe na uzee wake? Wako wasemao kwamba rangi iliyochakaa ni historia yenyewe, kwa kuwa inaonyesha mkono uliposhika. Wengine husema fundi wa kwanza hakukusudia kazi yake ionekane imeparara. Pande zote mbili zina haki. Lakini mtengenezaji anapaswa kuanza kwa kuuliza kitu kilitengenezwaje, kabla ya kuuliza kitang'aaje. Asiyeijua lehemu iliyo ndani ataiharibu kwa mapenzi mema. Ndivyo ilivyo kwa bunduki ya Birmingham, na ndivyo ilivyo kwa mlango wa nakshi wa Lamu au hati ya kale iliyoandikwa kwa mkono: kabla hujakisafisha, kwanza kijue.