XP Haikufa Mwaka 2014: Historia Fupi Kutoka Saiba Moja ya Waithaka

Jumamosi iliyopita nilipitia kwa mzee mmoja mwenye saiba hapa Waithaka. Nimekuwa nikimtengenezea mashine zake tangu nikiwa mwanafunzi, malipo yakiwa soda na saa mbili za mtandao bure. Ana kompyuta saba. Sita zina Windows 10, na ile ya kona, iliyo karibu na skana, bado ina Windows XP. Akaniuliza, "Kijana wangu, wanasema hii Windows 10 imekwisha. Sasa si inawaka? Si watu wanaprinti? Imekwishaje?"

Si mara ya kwanza kuniuliza hivyo. Aliniuliza mwaka 2006 kuhusu Windows 98, akaniuliza tena 2014 kuhusu XP. Mara zote mbili nilimjibu kwa haraka kama fundi, na mara zote mbili nilikosea kidogo. Kwa hiyo safari hii nimeona nirudi nyuma kwanza, nitazame ni nini hasa kilitutoa kwenye mfumo mmoja kwenda mwingine.

Tuanze na Windows 98. Microsoft iliitoa Juni 1998 na kuacha kuihudumia tarehe 11 Julai 2006. Je, kuna mtu Waithaka aliyeona tofauti tarehe 12 Julai? Hakuna! Saiba ilifunguliwa asubuhi kama kawaida. Kilichoiua Windows 98 kwetu ni flashi. Mtu alikuwa akija na flashi yake mpya shingoni (mnakumbuka zile kamba?), anaichomeka, na mashine inaomba dereva. Windows 98 haikuwa na dereva ya jumla ya flashi, kila aina ilitaka CD yake. XP iliitambua yenyewe. Mteja akishakataliwa flashi mara mbili, anavuka barabara kwenda kwa jirani. Ndani ya miezi michache mzee alikuwa ameshaweka XP kwenye mashine zote, na hakuwa amesoma tangazo lolote la Microsoft.

Shikeni hilo, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mfumo endeshi hufa mara mbili. Kifo cha kwanza ni siku mtengenezaji anapoacha kutoa viraka vya usalama, na hicho hakina kelele. Kifo cha pili ni siku huduma fulani ambayo watu wanaitaka inapoukataa. Hapo ndipo kila mtu anapiga kelele. Sisi tumekuwa tukihama kwa kifo cha pili kila mara. Hasara inatokea katikati ya vifo hivyo viwili, na mara nyingi anayeilipa si mwenye mashine.

Sasa XP. Ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001 na viraka vyake vikakoma tarehe 8 Aprili 2014, karibu miaka 12 na nusu. Kwa nini ilikaa sana hivyo? Huku kwetu sababu kubwa ilikuwa RAM. XP ilidai MB 64 tu, na kwa MB 256 ilitembea vizuri. Vista ilipokuja Januari 2007 ilitaka angalau MB 512, na ili upate madoido yake, GB 1. Kompyuta za mtumba zilizokuwa zikiuzwa Moi Avenue na Luthuli wakati huo hazikuwa na uwezo huo. Tukaruka Vista kama mtu anavyoruka dimbwi la maji.

Lakini kuna jambo ambalo nililielewa baadaye sana. Tunasema XP ilikwisha 2014. Kwa saiba ya mzee, na nadhani kwa saiba nyingi za kuanzia Kawangware hadi Kikuyu, XP ilikuwa imekwisha miaka mingi kabla ya hapo, kwa mikono yetu wenyewe.

Kwanza, nakala ilikuwa ya wizi. Tusifichane. XP ilikuja na uamilishaji, na nakala zilizozunguka mjini zilitumia funguo zilizovuja. SP1 ya 2002 na SP2 ya 2004 zilikataa kuingia kwenye nakala zenye baadhi ya funguo hizo. Kisha 2006 kikaja kile kijumbe cha kukuambia nakala yako si halali, na 2008 kikaanza kugeuza kioo kuwa cheusi. Fundi yeyote wa enzi hizo alikuwa na dawa moja: zima masasisho yote. Nami nilifanya hivyo. Ajabu ni kwamba Microsoft ilikuwa ikiwapa hata wenye nakala za wizi viraka muhimu vya usalama kupitia masasisho ya moja kwa moja. Tulizima mlango uliokuwa wazi kwetu kwa kuogopa kioo cheusi.

Pili, mtandao wenyewe. Kabla ya kebo za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na bei yake mnaijua. SP2 nzima ilikuwa na takriban MB 266. Fanya hesabu kwa laini ya kilobiti 64 kwa sekunde: ni zaidi ya saa 9 hata kama hakuna mteja hata mmoja anayefungua barua pepe. Nani angefunga duka siku nzima ili apakue kitu ambacho mteja hakioni?

Tatu, Deep Freeze. Hii tuliipenda mno. Mteja achafue mashine anavyotaka, ukiizima na kuiwasha diski inarudi vilevile ilivyokuwa siku ulipoigandisha. Tatizo ni kwamba viraka navyo vinafutika, usipoigandua kwanza ukaviweka. Sisi hatukugandua. Mashine za mzee ziligandishwa 2005, na kila asubuhi kwa miaka zilikuwa zikiamka zikidhani ni siku ileile ya 2005.

Katika hali hiyo ndipo virusi vya flashi vilipotukuta. XP ikichomekewa flashi ilikuwa tayari kusoma faili la autorun na kukuwekea programu yake mbele, hata kabla hujafungua folda. Mwaka 2007 nilipeleka mradi wangu wa chuo pale kuprinti. Niliporudi nyumbani folda zangu zote zilikuwa zimefichwa, na mahali pake pana vijifaili vyenye jina lilelile na mwisho wa .exe. Mashine ya saiba ikazimwa, ikawashwa, ikawa safi. Flashi yangu haikuwa na Deep Freeze. Niliandika sura mbili upya, kwa hasira.

Mdudu wa Conficker wa mwishoni mwa 2008 alionyesha jambo hilohilo kwa dunia nzima. Kiraka chake kilitoka tarehe 23 Oktoba 2008, mdudu mwenyewe akaonekana Novemba, na bado akaingia kwenye mamilioni ya mashine, baadaye akisafiri kwa flashi pia. Februari 2011 Microsoft ikaanza kusambaza sasisho la kuzuia autorun ya flashi kwenye XP. Sisi tulikuwa bado tumelala mwaka 2005. Na WannaCry ya Mei 2017? Watu waliilaumu XP, lakini wengi walioumia walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa na kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu Machi. Mfumo usiowekewa viraka ni mfumo uliokwisha, hata kama tarehe yake haijafika.

(Mtauliza kuhusu Linux. Nilijaribu mapema. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 na walikuwa wakituma CD bure kwa posta, nikaletewa kifurushi kwenye sanduku la shule. Desemba mwaka huohuo wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili kabisa. Niliiweka kwenye mashine moja. Mteja wa kwanza akasema, "Hii Word imeharibika," akahamia mashine nyingine.)

Kifo cha pili cha XP kilikuja polepole. Chrome iliiacha Aprili 2016, Firefox ya mwisho ikatoka Juni 2018. Internet Explorer 8, ndiyo ya juu kabisa kwa XP, haijui TLS 1.2, ile lugha ya usimbaji ambayo tovuti zilikuja kuidai. Huduma zetu nazo zilikuwa zimehamia mtandaoni: PIN ya KRA, mikopo ya HELB, maombi ya vyuo. Siku kurasa zilipoacha kufunguka, mzee alihama kwa wiki moja. Lakini tangu Aprili 2014 hadi siku hiyo, wangapi walikaa kwenye vile viti wakaandika nambari ya kitambulisho na nenosiri lao? Huyo ndiye ninayesema alilipa. Hakuuliza mashine ina mfumo gani, na asingeelewa ningemwambia.

Windows 10 imefikia kifo cha kwanza tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi kuna mwaka wa ziada wa viraka, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ukijiandikisha. Windows 11 inataka TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine sita za mzee ni HP EliteBook 840 G3, kizazi cha 6. Hazina kasoro yoyote. Zinakataliwa tu.

Basi nikamwambia: mzee, hazijaharibika, lakini tukiziacha hivi, mteja ndiye atakayeibiwa, si wewe. Akanyamaza. Kisha akauliza bei.

Tulikubaliana hivi. Tano zimewekwa Linux Mint, kwa sababu siku hizi karibu kazi yote ya mteja iko ndani ya kivinjari na hakuna anayesema Word imeharibika. Ya sita ameibadilisha kwa 840 G5 ya mtumba, ambayo inapokea Windows 11, kwa ajili ya majedwali ya Excel yenye makro kama yale ambayo fomu za iTax zimetumia kwa miaka mingi. Na ile XP ya kona inabaki. Skana yake ni ya zamani, dereva yake haikuandikwa kwa kitu kingine, na inafanya kazi vizuri kuliko mpya. Nimeng'oa waya wake wa mtandao. Kazi zake zinatoka kwa flashi moja tu ya mzee, imefungwa kwa uzi mwekundu, na mteja haruhusiwi kuchomeka yake.

Deep Freeze ya mashine hiyo niliiacha. Saa yake tu ndiyo nimeirekebisha. Ilikuwa inasema ni 2005.