Rolleiflex, Kamera ya Yaya wa Chicago

Kamera za Rolleiflex zilianza kutengenezwa Braunschweig, Ujerumani, mwaka 1929. Zina lenzi mbili. Ya juu ni ya kutazamia. Ya chini ndiyo inayopiga picha. Mpigapicha huishika kamera usawa wa tumbo na kuinamia kioo kilicho juu ya kamera hiyo, ambamo cha kulia huonekana kushoto. Kwa kuwa haiinuliwi hadi usoni, mpita njia huweza kupigwa picha asijue.

Vivian Maier alilea watoto wa watu mjini Chicago, na alipotoka nao alibeba Rolleiflex shingoni. Alipiga picha za bibi wazee, mafukara, watoto waliolia, na sura yake mwenyewe kwenye vioo vya maduka. Mkanda mmoja wa filamu ulimpa picha 12 tu za mraba, basi alichagua kwa makini.

Mwaka 2007 mizigo yake ilipigwa mnada kwa sababu ya kodi ya ghala isiyolipwa. Ndani mlikuwa na maelfu ya negativu, pamoja na mikanda mingi ambayo haikuwahi kusafishwa. Alifariki 2009, kabla dunia haijamfahamu.