Hongo ya Ugogo na simu za Tabora

Juzi nikiwa Tabora kwa likizo, rafiki yangu mmoja anayetengeneza programu za simu alinitega swali. Ametengeneza programu ya kuwaunganisha wafugaji nyuki na wanunuzi wa asali, ya bure, inaishi kwa matangazo. "Kaka, hapa mjini kila mtu ana Android. Watu wanaipakua kila siku. Mbona hainilipi hata vocha?"

Nikamwambia jibu liko kwenye miembe ya zamani tunayopita kila siku bila kuitazama.

Ndugu msomaji, miembe ile ni alama ya njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani, vitambaa na shanga vikapanda bara. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Ukihesabu vichwa, njia ilikuwa yetu.

Lakini kuhesabu vichwa siyo kuhesabu mapato. Ugogo ni nchi kame, na msafara usiokunywa maji haufiki. Watemi wa kule walishika visima, wakatoza hongo. Enzi hizo hongo ilikuwa ushuru wa kupita, siyo rushwa kama leo. Kila mwenye mali alilipa, maana hakuwa na pa kupitia pengine.

Huku Unyanyembe, Mtemi Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, naye akataka ushuru kwa wafanyabiashara. Waarabu wakamwondoa mnamo 1860, wakamweka Mkasiwa. Umati alikuwa nao, ila hakushika kitu ambacho wenye mali wasingeweza kukikosa. Mirambo wa Urambo alilielewa hilo. Mwaka 1871 aliifunga njia yenyewe, na biashara ya pembe ikatikisika hadi Zanzibar.

Sasa turudi kwenye simu. Duniani, takribani simu 7 kati ya 10 ni za Android. Lakini fedha ambazo watu wanatumia kwenye duka la programu la Apple zimekuwa karibu mara mbili ya zile za Google Play. Wenye iPhone wengi wako nchi tajiri, wana kadi za benki na wamezoea kulipia. Hongo nayo ipo: kwa miaka mingi maduka yote mawili yalikata asilimia 30, na mwaka 2021 yakawashushia watengenezaji wadogo hadi 15.

Je, kijana wa Tabora ahamie iPhone? Sidhani. Wateja wake hawako huko. Ila aache kujivunia idadi ya waliopakua, atafute kisima. Kwetu pesa hupita kwenye simu tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Na anayehitaji sana programu ile siyo mfugaji nyuki, ni mnunuzi anayetafuta asali ya kujaza gari. Huyo ndiye wa kutozwa, kidogo kidogo, kila anapopata mzigo.

Rafiki yangu alikaa kimya kidogo. "Kumbe muda wote nimehesabu wapagazi," akasema.

Ndiyo, kaka. Na wapagazi walikuwa sisi.