Soko la Guangzhou na Jongoo Mchanga wa Pwani Yetu

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou kufuata nguo, simu na vipuri anaweza kupita barabara ya Yide asijue kwamba katika magunia yaliyopangwa milangoni huenda yamo mazao ya pwani yake mwenyewe. Hapo ndipo majongoo bahari waliokaushwa huuzwa kwa jumla, wakiwa wamechambuliwa kwa aina na ukubwa. Jongoo mchanga, ambaye wanasayansi humwita Holothuria scabra, ni mmoja wa majongoo wa bahari za joto wenye bei kubwa zaidi. Kumfikisha pale kuna kazi. Hupasuliwa, hutolewa matumbo, huchemshwa, kisha hufukiwa mchangani ili ngozi yake yenye chembe za chokaa ilainike na kusuguliwa; huchemshwa tena, huanikwa juani mpaka anakauka kama kipande cha mti. Akishafika hali hiyo, mnunuzi huona aina na ukubwa tu. Ghuba alikotoka haijulikani tena. Nami nasema historia yote ya biashara hii ni ya soko lisilojua ghuba, na kwa sababu hiyo hasara yake ni kubwa kuliko inavyopimwa kwa kilo.

Mwandishi wa China Zhao Rugua alipoorodhesha mwaka 1225 bidhaa za pwani ya Zanji, yaani Afrika Mashariki, alitaja pembe za ndovu, dhahabu, ambari na msandali; jongoo hakumtaja. Sifa ya jongoo kama chakula cha kutia mwili nguvu ilienea China katika enzi ya Ming, na kufikia karne ya 18 mabaharia wa Makassar walikuwa wakifuata upepo wa msimu hadi kaskazini mwa Australia, wakichemsha majongoo ufukweni kwa ajili ya walaji wa China. Kati ya 1757 na 1842 Guangzhou ndiyo ilikuwa bandari pekee ya China iliyofunguliwa kwa wafanyabiashara wa Magharibi. Wamarekani, hasa wa bandari ya Salem, walihitaji kitu cha kubadilishana na chai, wakaenda Fiji. Walianza na msandali. Ulipokwisha wakageukia majongoo. Baadaye sana, mwaka 1988, Fiji ilipiga marufuku kumsafirisha jongoo mchanga nje ya nchi. Tanzania Bara nayo ilisimamisha uvuvi wa majongoo mwaka 2003, na mwaka 2019 majongoo wenye chuchu ubavuni waliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Katika miaka yote hiyo soko halikulala njaa. Pwani moja ikikauka, magunia yalitoka nyingine, na uhaba wenyewe ukapandisha bei iliyogharimia wapiga mbizi waende kina kirefu zaidi.

Wapo watakaosema bahari ni moja, na kwamba ghuba iliyo tupu itajazwa na jirani yake. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Lava (kiluwiluwi) wa jongoo mchanga huelea kwa takriban wiki mbili kabla ya kutua kwenye nyasi za bahari, na muda huo unatosha kusafiri mbali. Lakini watafiti Uthicke na Purcell, katika utafiti wao wa New Caledonia uliotoka mwaka 2004, waliona kwamba ingawa majongoo wa sehemu nyingi walikuwa wamechanganyika, wale wa ghuba ambazo maji yake hayabadilishani sana na bahari ya nje walitofautiana kijeni na baadhi ya wenzao. Tena dume na jike hawakutani kimwili. Kila mmoja humwaga mbegu au mayai yake majini, kwa hiyo wakibaki wachache na mbalimbali, mayai hupotea bila kurutubishwa. Ghuba inaweza kuwa na majongoo na bado isizae. Kwenye Great Barrier Reef ya Australia uvuvi wa jongoo mweusi mwenye chuchu ulifungwa mwaka 1999, na miaka miwili baadaye hapakuonekana dalili ya idadi yake kurudi.

Hoja nzito zaidi ni ya ufugaji. Madagascar imeshaonyesha kwamba wanavijiji wanaweza kufuga jongoo mchanga, na Unguja kipo kituo cha vifaranga pale Beit el Ras. Naunga mkono juhudi hizi kwa moyo wote, maana wanawake wanaookota majongoo maji yakitoka wakati wa bamvua hawawezi kuambiwa wakae na njaa kwa ajili ya jeni. Ila jike mmoja hutoa mayai mengi mno, na kituo kinaweza kujaza vizimba vya kijiji kizima kwa watoto wa wazazi wachache. Wakivuka uzio au wakizaa humo ndani, ukoo mmoja utawafunika wenyeji wachache waliosalia, pamoja na uwezo wao wa kustahimili joto au maradhi ambao hakuna aliyewahi kuupima. Kwa hiyo wazazi watolewe ghuba ileile watakakofugwa watoto, wawe wengi, wabadilishwe kila msimu. Na kibali cha kusafirisha kitaje ghuba, si nchi na aina peke yake, hata kama mnunuzi wa Yide hataisoma; msomaji anayehitajika ni ofisa wa uvuvi wa hapa, anayepaswa kujua ni wapi pa kufunga kabla hapajakauka.