Gemu ndogo nayo hulisha: hesabu ya Lodwar na Kakuma

Kijana anayejifunza kuandika programu hapa Turkana akitaja gemu, watu hufikiria FIFA au Grand Theft Auto, zile zinazouza mamilioni ya nakala. Basi anaambiwa aache ndoto, atengeneze tovuti za hoteli. Leo tuangalie historia kidogo, maana kuna watu wamekula jasho lao kwa gemu ambazo wengi wetu hatujawahi hata kuzisikia.

Mwaka 1994 Jeff Vogel alianzisha Spiderweb Software huko Seattle, Marekani. Gemu yake ya kwanza, Exile, ilitoka mwaka 1995. Sehemu ya mwanzo ilikuwa bure, ukinogewa unalipia iliyobaki. Michoro yake ilikuwa ya kawaida mno hata kwa enzi hiyo! Lakini wapenzi wa hadithi ndefu waliipenda na wakawa wanarudi kununua kila gemu mpya. Vogel naye hakutupa kitu. Exile aliitengeneza upya kwa jina la Avernum mwaka 2000, kisha akairudia tena zaidi ya miaka kumi baadaye. Kampuni ikabaki ya watu wachache, na imedumu miongo kadhaa.

Turudi nyumbani. Mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa, Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti, studio yenye mguu mmoja Nairobi na mwingine Accra. Kule Kamerun, Kiro'o Games ilichangisha karibu yuro 50,000 kwenye Kickstarter, na Aurion ikatoka mwaka 2016. Waliochangia walitaka gemu yenye hadithi ya Kiafrika, na kwa ajili hiyo walikuwa tayari kulipa kabla haijakamilika.

Mfano ulio karibu zaidi na Kakuma ni Lual Mayen. Alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi zikafika dola 300, akamnunulia kompyuta ndogo. Ilimbidi atembee masaa kadhaa kwenda kuichaji. Ndiyo aliyotengenezea Salaam, gemu ya mkimbizi anayekimbia vita, na mwaka 2018 akatunukiwa kwenye The Game Awards. Hadithi ile angeweza kuisimulia aliyeiishi, na hapo ndipo gemu ndogo inapoipita kubwa.

Haya, tupige hesabu. Huu ni mfano wangu tu. Gemu ya dola 5, nakala 3,000. Steam inachukua asilimia 30, zinabaki dola 10,500. Kwa shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 1,365,000. Watu wawili wakiwa wamefanya kazi mwaka mzima, kila mmoja anapata kama 56,900 kwa mwezi, kabla ya kodi. Studio ya watu ishirini kule San Francisco ingefunga kwa mauzo hayohayo. Hapa Lodwar watu wawili wanaishi, na mwaka unaofuata wanaanza wakiwa na msimbo wa gemu ya kwanza mkononi.

Ujuzi nao umeanza kufika. Learning Lions inafundisha vijana wa Turkana kazi za kidijitali tangu mwaka 2015, na kampasi yake kando ya Ziwa Turkana, iliyochorwa na Francis Kéré, ilifunguliwa mwaka 2021. Wazo lake ni lilelile: mteja yuko mbali, gharama ziko hapa.

Kikwazo ninachokiona mimi ni njia ya pesa. Steam inataka dola 100 kwa kila gemu, halafu inataka kitambulisho, taarifa za kodi na akaunti ya benki. Kwa Mturkana mwenye kitambulisho cha taifa hayo ni usumbufu wa wiki chache. Kwa mkimbizi wa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, karatasi zinaweza kuwa ukuta. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inatambua haki yao ya kufanya kazi, kwa masharti, lakini benki na duka la mtandaoni vinauliza karatasi yako kwanza.

Na si kwamba Kakuma haijui pesa za simu. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza Bamba Chakula, sehemu ya posho ikawa inaingia kwenye simu badala ya kutolewa nafaka tu. Wenye maduka wakaipokea na biashara ikaenda.

Kwa hiyo ndugu yangu unayejifunza, usianze kwa kutafuta wanunuzi milioni. Watafute elfu tatu wanaotaka kitu ambacho studio kubwa haitakigusa. Punguza gharama, hifadhi msimbo wako. Na kabla hujachora hata mhusika mmoja, hakikisha unajua pesa itafikaje mikononi mwako. Mkiwa wawili, mmoja Lodwar na mwingine Kakuma, hilo la mwisho lijadilini siku ya kwanza.